Ripoti ya Mwezi Ni ya Nani?

Kila mwezi, katika halmashauri tano za Dar es Salaam, kila idara huandika taarifa ya kazi yake. Bwana Afya huandika mikahawa aliyoikagua na magari ya taka yaliyokwenda dampo. Watu wa mipango miji huandika viwanja vilivyopimwa na vibali vya ujenzi vilivyotolewa. Maendeleo ya Jamii huandika vikundi, Elimu huandika madarasa na madawati. Karatasi hizo hupanda kwa Mkurugenzi, zikaingia Kamati ya Fedha inayokaa kila mwezi, na ikiisha miezi mitatu zafika mbele ya Baraza la Madiwani. Huko huulizwa maswali mawili matatu, hupitishwa, na jalada hufungwa.

Sisi twauliza jambo moja tu. Huyu anayekaa Keko, Manzese, Vingunguti au Mbagala, ambaye mtaro wenyewe umepita mlangoni pake, taarifa hiyo ataisoma lini?

Tusieleweke vibaya. Hatuandiki haya kuwatukana wafanyakazi wa manispaa. Wako wazoa taka wanaoamka saa kumi ya usiku kabla muadhini hajaadhini, wako maofisa wa afya wanaotembea kwa miguu kutwa nzima juani, na mji huu ungenuka vibaya zaidi kama si wao. Lakini kazi njema isiyoonwa na mwenye mji ni rahisi kugeuka kuwa kazi ya karatasi. Mwezi uliopita tuliyaona hayo kwa macho yetu.

Tulikwenda mtaa mmoja upande wa Temeke, jina lake tunaliacha. Tulikuwa tumesikia kuwa katika taarifa ya idara mtaro wa mtaa ule umeandikwa kuwa umesafishwa. Tulipofika tukakuta umejaa tope hadi ukingoni, na chupa za plastiki zimelala juu yake kama samaki waliokufa. Tukamwuliza mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua pembeni: je, watu wa manispaa wamekuja? Akasema, "Wamekuja, mwanangu, tena wamefanya kazi kweli. Walitoa tope humu wakaliweka hapa ukingoni. Gari la kulichukua halikuja. Mvua ya juzi imelirudisha lote lilikotoka."

Basi taarifa haikusema uongo. Mtaro ulisafishwa. Ilichokosa ni neno moja la yule mama: tope limebaki ukingoni. Neno hilo Mkurugenzi hakulijua, diwani hakulijua, Kamati ya Fedha haikulijua. Alilijua muuza vitumbua, naye hakuna aliyemsomea taarifa ili apate kuisahihisha.

Baadhi yetu tunaoandika ukurasa huu tulipita chuo cha ualimu kabla ya kuingia kazi ya Chama. Huko tulifundishwa kuandika azimio la kazi la muhula mzima, na andalio la kila somo. Lakini mkaguzi akija hakuridhika na azimio zuri lenye mistari ya rangi. Aliomba madaftari ya watoto. Alitaka kuona kama kilichoandikwa kuwa kimefundishwa kimeingia kichwani mwa mtoto wa dawati la nyuma. Mtaa ndio daftari la mtoto, na wanaolisahihisha ni wachache mno.

Jambo hili si dogo, na wazee wetu walilijua. Baraza la Manispaa la Dar es Salaam lilipoanzishwa mwaka 1949, madiwani wake waliteuliwa na serikali ya kikoloni. Mji ulikuwa umekatwa mapande matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila mtu alijua taa na mifereji ya maji ilianza wapi na ikaishia wapi. Waliodai viti katika Baraza lile hawakudai majoho. Walidai kuona daftari la mji: fedha ya kodi ya Kariakoo na Ilala imetumika wapi, na kwa nini lami imekoma pale ilipokoma. Ndipo mwaka 1960 Sheikh Amri Abedi akawa Meya wa kwanza Mwafrika, na Desemba 1961, mara tu baada ya Uhuru, mji ukapewa hadhi ya Jiji.

Wakati ule mji ulikuwa mdogo. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta watu 128,742. Hesabu ya mwaka 2022 imekuta watu 5,383,728 katika mkoa, yaani karibu mara arobaini na mbili. Diwani wa zamani aliweza kuzunguka kata yake kwa baiskeli kabla ya chakula cha mchana. Diwani wa leo ana kata yenye watu wengi kuliko miji mizima ya wakati ule. Hawezi kuona kila mtaro, hata akiwa malaika. Lazima awe na macho mengine.

Nasi tuseme kweli hata kama inatuchoma. Uzoefu wa mji kukosa chombo chake cha kuchaguliwa tumeupata wenyewe, baada ya Uhuru, si kwa mkoloni. Mpango wa madaraka mikoani ulioanza mwaka 1972 uliondoa mabaraza ya miji, na shughuli za mji zikaingia mikononi mwa watumishi wa mkoa na wilaya. Nia ilikuwa njema. Lakini mifereji haikuzibuliwa, taka zililala, na kipindupindu cha mwaka 1977 na 1978 kikatukumbusha kuwa mji hauendeshwi kwa nia. Mwaka 1978 ikabidi mabaraza yarudishwe. Tena mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, ikawekwa Tume hadi mwaka 2000, ndipo zikatoka manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Ubungo na Kigamboni zikazaliwa baadaye. Na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ikavunjwa, na Ilala ndiyo ikapewa jina la Jiji. Kila mageuzi yalikuwa na sababu zake, na hatutaki kuyafukua yote hapa. Twasema tu kwamba katika kuvunja na kuunda huko kote, mtu wa mtaani hakupata mahali pa uhakika pa kuisoma taarifa ya mwezi.

Matokeo yake ni haya: watu hawajui nani afanya nini. Barabara ya mtaa ikitoboka, lawama humwangukia diwani, hali barabara hizo tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Barabara kubwa ni za TANROADS. Maji safi na maji taka ni ya DAWASA. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa nguzo ya mapato ya manispaa, mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa TRA, na tangu 2021 hukatwa kwenye umeme wa LUKU. Sasa bomba la DAWASA likipasuka, likachimba barabara ya TARURA, tope likaingia mtaro unaosafishwa na manispaa, mwananchi aende wapi? Akienda huku ataambiwa kule. Siku tatu zapita, mtoto ameshaugua tumbo. Tungependa kuona, katika kila ofisi ya mtaa, karatasi moja ya maandishi makubwa inayosema: shida ya namna hii, mlango wake ni huu. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa nje wala mtaalamu wa kuja kwa ndege.

Wapo watakaosema kuwa mwananchi wa kawaida hana elimu ya kusoma taarifa za kitaalamu. Hoja hii ni ya kikoloni, na inatushangaza kuisikia kwa watu waliosoma kwa kodi ya huyo huyo mwananchi. Watu wa Tabata walikuwa na shahada gani mwaka 1988, walipokwenda Mahakama Kuu kushitaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka karibu na nyumba zao, moshi ukiwaingia watoto vifuani? Mahakama iliwasikiliza, ikaamuru dampo lile likome. Halmashauri iliomba muda, ikaomba tena, mwisho muda ukaisha. Kutoka hapo taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa zaenda Pugu Kinyamwezi. Twawasifu watu wa Tabata. Lakini tusisahau kwamba dampo halikutoweka: lilihama kutoka mlango wa mtu mmoja kwenda mlango wa mwingine. Kwa hiyo idara ikileta hesabu ya tani zilizozolewa mwezi huu, swali la pili liwe tani hizo zimemwagwa wapi, na nani anakaa pale.

Tuna ushahidi mwingine kwamba mtaa waweza kufanya kazi ya kitaalamu, tena kwa usahihi. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa kupambana na malaria katika jiji hili. Wataalamu walikuja na darubini na ramani, wakagundua kuwa hawawezi kuyajua madimbwi ya Dar es Salaam. Mbu hazai mahali palipoandikwa kwenye ramani. Azaa kwenye shimo la matofali nyuma ya nyumba ya fulani, kwenye tuta la mchicha, kwenye mtaro uliozibwa na mfuko wa saruji. Nani ayajua hayo? Ajuaye ni jirani. Basi wakachukuliwa watu wa mitaani wenyewe, na eneo likagawanywa kwa kufuata nyumba kumi kumi. Ndiyo, zile zile nyumba kumi ambazo TANU ilizianzisha katika miaka ya 1960, ambazo wengine huzicheka kuwa ni mambo ya kale. Kila mtu akapewa sehemu yake, akaipitia kila wiki, akachora kila dimbwi, akaandika kama lina viluwiluwi au halina. Mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ikaanza kutiwa katika kata tatu za mwanzo, Buguruni, Mikocheni na Kurasini.

Tumekaa juu ya jambo hili kwa makusudi. Mkuu wa idara angeweza kuandika kutoka ofisini kwake kuwa madimbwi yametiwa dawa. Lakini hapa karatasi ilitoka chini ikapanda juu, na mwandishi wake alikuwa mtu anayelala usiku na mbu hao hao. Akidanganya, anajidanganya yeye na wanawe.

Sasa tuje kwenye miradi inayokuja, maana ndiko fedha nyingi iliko na ndiko watu wetu wanakoweza kuumizwa. Mkubwa kuliko yote ni wa Bonde la Msimbazi. Mto huu waanzia vilima vya Pugu, wakata mji katikati, waingia baharini pale Daraja la Salenda. Tangu ramani kuu ya mji ya mwaka 1979, bonde lilihesabiwa kuwa si mahali pa kujenga. Hata hivyo watu walijenga, na serikali yenyewe haikuwa nyuma. Karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, iliwekwa Jangwani, na maji yameingia humo si mara moja. Kama wahandisi wenye vyeti ukutani walijenga bondeni, tusimcheke fundi cherehani aliyejenga vyumba viwili kwa akiba ya miaka kumi.

Desemba 2011 mvua iliua watu wapatao arobaini katika mji huu, na waliookolewa wakahamishiwa Mabwepande. Wengi walirudi. Magazeti yaliwaita wakaidi. Sisi tuliozungumza na baadhi yao tulisikia maneno mengine: kazi yangu iko Kariakoo, nauli ya kwenda na kurudi ni nusu ya ninachopata, mteja wangu hawezi kunifuata porini. Mtu huyo si mkaidi. Amefanya hesabu ambayo ofisi haikuifanya.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili. Mipango yake ni mikubwa: daraja jipya la juu pale Jangwani, kupanua na kuimarisha njia ya mto, kuhamisha karakana ya mabasi, kulipa fidia na kuhamisha kaya za sehemu ya chini, na kuacha uwanda wa wazi pawe bustani ya mji badala ya makazi. Sisi twaunga mkono. Mji wa pwani unaojaa maji kila masika hauwezi kungoja. Lakini mkopo ni deni, nalo litalipwa na watoto wa hao hao wanaohamishwa. Kwa hiyo twataka habari za mradi huu zisomwe kwenye mikutano ya mitaa ya Jangwani, Hananasifu, Kigogo na Mchikichini, kwa Kiswahili cha watu: mwezi huu kaya ngapi zimelipwa, ngapi bado, nani amekata rufaa, na aliyelipwa amepata wapi pa kukaa. Kaya iliyolipwa fidia halafu ikajenga kwenye bonde jingine, la Mto Ng'ombe au Kizinga, imeandikwa kwenye taarifa kuwa imefanikiwa. Sisi twaihesabu kuwa imehama tu.

Mfano wa kuahidi na kutimiza tunao, ingawa ulichelewa sana. Familia 644 za Magomeni Kota zilitolewa kwenye nyumba zao mwaka 2012, zikangoja karibu miaka kumi, ndipo nyumba mpya za ghorofa zikafunguliwa Machi 2022. Walishinda kwa sababu hawakutawanyika. Walishika orodha ya majina yao, wakakutana, wakauliza, wakauliza tena.

Kuhusu vibali vya ujenzi tutasema kidogo, kwa kuwa majeraha bado mabichi. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji liliporomoka, likaua watu zaidi ya thelathini. Novemba 16, 2024 likaanguka jengo Kariakoo na biashara zikiwa wazi, na zaidi ya watu ishirini hawakurudi nyumbani. Taarifa ya mwezi ikisema vibali kadhaa vimetolewa, isiishie hapo. Itaje ni majengo mangapi yametembelewa na mkaguzi baada ya kibali, na mangapi yamesimamishwa. Wachukuzi wa Kariakoo hujua kabla ya mtu yeyote ni jengo gani linachimbwa chini usiku. Nani huwauliza?

Na ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, iliyowekwa katika sheria mwaka 2018, ikasitishwa 2023, ikarudi 2024: majina ya vikundi vinavyopewa yabandikwe mtaani kabla ya fedha kutoka, si baada. Majirani watajua mara moja kama kikundi cha ushonaji kina cherehani au kina mhuri tu.

Tumewauliza wakubwa vya kutosha. Zamu yetu sasa, ndugu wanachama. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, viti vyetu viko wapi? Tumeona matawi yanayojaa watu mia tatu siku ya fulana na kofia, na siku ya kusomwa mapato na matumizi wapo mwenyekiti, mtendaji, na wazee wanne waliokuja kupunga upepo. Tumemwona mwanachama mwenye kadi ya miaka mingi akimimina ndoo ya taka mtaroni alfajiri, akitazama kushoto na kulia kama mwizi. Yuko anayekwepa ada ya taka ya mwezi kwa kuwa ati anafahamiana na mkusanyaji. Watu kama hawa wakisimama kumhoji Bwana Afya, atawacheka, na atakuwa na haki.

Utaratibu wa kubandika mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo ni wa zamani. Pale ubao ulipo mtupu, au una tangazo la mwaka juzi lililoliwa na mchwa, wanachama wa mtaa ule waende kwa mtendaji wakaulize kwa adabu. Asiyejibiwa amwendee diwani. Kila shina limchague mtu mmoja anayesoma vizuri, kijana au mama, si lazima awe kiongozi. Kazi yake iwe kuisoma taarifa ya halmashauri mbele ya watu, kisha kuwapeleka mguu kwa mguu kwenye kile kilichoandikwa. Kama ni mtaro, wausimamie. Kama ni darasa, waingie ndani watazame paa.

Makatibu wa matawi ya Dar es Salaam twawaomba watuletee, kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, karatasi moja kila tawi. Iandikwe jina la mtaa, kazi moja iliyosemwa kuwa imefanyika, siku waliyokwenda kuitazama, na walichokiona. Kazi njema iandikwe njema, na jina la idara litajwe ili tuisifu. Hotuba hatuzihitaji, wala heshima za kufungulia barua. Walioandika kwa penseli tutawasoma pia.